Kliniki ya sukari Temeke, kwa maelezo naipa tano kamili

Jamani nimempeleka mama kwenye hii kliniki binafsi na kwa kweli daktari anajua kuelezea, sio wale wa "punguza wali, next". Kampima kiuno kwa tepu kabla hata ya kugusa mzani, akasema mafuta ya tumboni ndo anayoyaogopa zaidi.

Akaeleza hivi, seli za mafuta zikijaa sana zingine zinakufa, basi seli za kinga zinaitwa makrofeji zinakuja kusafisha, zikishafika zinabaki hapo zinamwaga kemikali za uvimbe kama TNF-alfa, na hizo ndo zinavuruga ujumbe wa insulini (homoni inayoziambia seli zipokee sukari) ndani ya seli, kwahiyo insulini ipo tele kwenye damu lakini mwili hauisikii. Watafiti wa Boston walishaiona TNF-alfa kwenye mafuta ya panya wanene mwaka 1993, halafu 2003 ikajulikana makrofeji kwa mtu mwembamba hazifiki asilimia 10 ya seli za kwenye mafuta ila kwa mnene sana zinakaribia 40. Mama kasikiliza kimyaa, maana miaka yote alikua anaambiwa tu ni uroho wake, na mi hiyo lugha inaniuma sana.

Wakampa metformini, dawa ya sukari, na ratiba ya kutembea jioni, hakuna chai ya kusafisha mafuta waliyotuuzia hapo.

Foleni ndefu asubuhi, na viti vichache kwa wazee, hilo warekebishe haraka. Bei ya kumuona daktari ni ya kawaida, vipimo ndo vinapanda.