Albendazoli, ELISA na CT kwa kifuko cha hidatidi cha pafu: uzoefu wangu

Kwa kifuko cha hidatidi (kifuko cha maji cha lava wa tegu wa mbwa) kilichokaa kwenye pafu, picha naipa nyota tano, kipimo cha damu cha ELISA nyota mbili, na vidonge vya albendazoli, dawa ya minyoo, nyota tatu, tena kwa sharti kwamba vimetolewa kwa wakati wake. Kwa kifuko cha ini ningezigawa nyota hizo kwa namna nyingine kabisa. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: wanachukua utaratibu wa ini na kuuhamishia kifuani kama ulivyo.

Ugonjwa unaletwa na tegu mdogo wa mbwa, Echinococcus granulosus. Mtu humeza mayai yaliyotoka na kinyesi cha mbwa, lava hutoboa utumbo, huingia kwenye damu na kunaswa kwanza na ini. Wanaopita ini hunaswa na mapafu. Kwa watu wazima takriban asilimia 70 ya vifuko huwa kwenye ini na asilimia 20 mapafuni, na kwa watoto mapafu huchukua sehemu kubwa zaidi. Ini ni gumu, humbana mgeni. Pafu ni laini na kila pumzi hulivuta, kwa hiyo kifuko hukua haraka, na wengine hufikisha sentimita 10 bila dalili yoyote. Mgonjwa hamwambukizi mwenzake, hata akikohoa maji ya kifuko. Hili lisemwe wazi nyumbani kwake, maana kikohozi cha damu huwafanya watu wamkimbie.

Eksirei ya kawaida ya kifua ndiyo naianza nayo. Kifuko kizima, yaani ambacho hakijapasuka, huonekana kama duara au yai, kingo zake safi, weupe wake ni sawasawa kote. Utamu wa picha uko kwenye vifuko vilivyoanza kupasuka. Hewa ikijipenyeza kati ya ukuta uliojengwa na mwili na utando wa mdudu mwenyewe, unaona hilali nyembamba nyeusi juu ya duara. Hewa ikiingia mpaka ndani ya utando, zinatokea tao mbili na usawa wa maji chini yake. Utando ukiporomoka kabisa, huelea juu ya maji yaliyobaki kama yungiyungi bwawani, na picha hiyo ukiiona huna haja ya kubishana na mtu. Chokaa kwenye ukuta wa kifuko cha pafu ni nadra, tofauti na cha ini. Ukiona chokaa nyingi, fikiria kwanza ugonjwa mwingine.

CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka, inaongeza mambo matatu: idadi kamili ya vifuko, uhusiano wake na mirija ya hewa na mishipa mikubwa, na uzito wa kilichomo ndani. Maji ya kifuko kizima husoma karibu na maji ya kawaida, kati ya 0 na 20 kwa vizio vya Hounsfield, kipimo cha uzito kwenye picha ya CT. Kikiingia usaha namba hupanda, ukuta hunenepa, na hapo kifuko hufanana mno na jipu au saratani. Agizeni picha ishuke mpaka ini lote lionekane, kwa kikao kilekile. Ni jambo dogo kwenye fomu ya maombi lakini likisahaulika mgonjwa hupasuliwa kifua, kisha baadaye hugundulika kuna kingine chini ya kiwambo (msuli unaotenga kifua na tumbo) upande wa kulia, ambacho mara nyingi kingefikiwa kwa mkato uleule.

Ultrasaundi ni mfalme wa ini ila kifuani hewa inaizuia. Inafaa kwa kifuko kilichogusa ukuta wa kifua, na kwa kukagua tumbo. Ule mpangilio wa Shirika la Afya Duniani wa hatua za kifuko, CE1 hadi CE5, ulitengenezwa kwa picha za ultrasaundi, hasa za ini. Kuulazimisha kwenye ripoti ya pafu kunaleta maneno mazuri yasiyosaidia uamuzi.

Sasa ELISA. Nyota zake mbili si kwa sababu kipimo ni kibovu. Hutafuta kingamwili, na kingamwili hutengenezwa pale mwili unapoonja protini za mdudu. Kifuko kizima cha pafu kimefungwa vizuri kiasi kwamba mwili unaweza usijue kuwa kipo. Kwa hiyo jibu la "hakuna" kwa mgonjwa mwenye duara safi kifuani halifuti chochote, na bado nakutana na faili zilizofungwa kwa jibu hilo moja. Jibu la "ipo" nalo linahitaji kuthibitishwa kwa kipimo cha pili cha aina ya imunobloti (kinachoangalia kingamwili kwa protini moja moja), kwani tegu wengine, hasa wa nguruwe anayeleta vifuko kwenye ubongo, huweza kuwasha ELISA hii. Kingamwili hupanda kifuko kikipasuka au baada ya upasuaji, kisha hubaki kwenye damu kwa miaka. Usimwambie mgonjwa kuwa hajapona kwa sababu tu kipimo bado kinawaka. Wingi wa eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu, nao hauaminiki: wagonjwa wengi wenye kifuko kizima wana hesabu ya kawaida, na minyoo mingine huipandisha kwa urahisi.

Kipimo cha bei ndogo kinachodharauliwa ni makohozi. Mgonjwa akisema amekohoa ghafla maji mengi yenye ladha ya chumvi, au vipande vyeupe kama maganda ya zabibu, vikusanywe kwenye chombo safi, visimwagwe. Tone moja mbichi chini ya darubini linaweza kuonyesha vichwa vidogo vya tegu au vijindoano vyake. Vijindoano hivyo hushika rangi nyekundu ya Ziehl-Neelsen, ileile ya kifua kikuu, kwa hiyo mtaalamu wa maabara aliyezoea kutafuta vijiti vya kifua kikuu tu aambiwe anachotafuta. Kipande cha utando kigawanywe mara mbili: nusu kwenye fomalini kwa ajili ya patholojia, nusu kwenye ethanoli ya asilimia 70 kwa PCR (kipimo cha vinasaba), kwani fomalini huharibu vinasaba. Na kifua kikuu kipimwe pia. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Kitu kisichofanywa ni kuchoma sindano kifuko cha pafu ili "kuona kilichomo". Maji yakivuja huweza kuleta mshtuko wa mzio, kupanda mbegu mpya kwenye utando wa pafu, au kuacha hewa nje ya pafu. Ile njia ya kufyonza kwa sindano, kuingiza dawa na kufyonza tena ni ya ini na viungo vya tumbo. Kifuani haina nafasi. Kabla ya kuagiza sindano kwa duara lolote lenye maji, jiulize kwanza kama ni hidatidi.

Albendazoli. Dozi ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa siku, ikigawanywa mara mbili, isizidi miligramu 800 kwa siku. Mtu mzima wa kilo 60 au zaidi humeza miligramu 400 asubuhi na 400 jioni. Karatasi ya dawa huandika siku 28 za kumeza na 14 za kupumzika, kwa mizunguko mitatu. Wengi wetu sasa tunatoa mfululizo bila mapumziko, kwa miezi mitatu hadi sita, kwa sababu siku zile za kupumzika humpa mdudu nafasi ya kupumua. Fanya hesabu kabla mgonjwa hajaanza: siku 28 ni vidonge 56 vya miligramu 400, siku 84 ni vidonge 168. Dawa hii imezoeleka kama kidonge kimoja cha kutoa minyoo, na ndivyo mgonjwa anavyoweza kupewa kwenye dirisha la dawa: kimoja, aende nyumbani. Angalia pia nguvu ya kidonge, kwani vipo vya 200, na nusu ya dozi kwa miezi sita ni hasara tupu.

Imezwe na chakula chenye mafuta. Tumboni pakiwa patupu dawa huingia kwenye damu kidogo sana. Ikimezwa na mlo wa mafuta, kiwango chake kwenye damu huweza kupanda hadi mara tano. Kinachofanya kazi ndani ya kifuko ni albendazoli sulfoksidi, ambayo ini huitengeneza kutokana na dawa, na dawa za kifafa kama fenitoini, kabamazepini na fenobabitoni hushusha kiwango chake. Anayezitumia asianzishwe bila kulijadili hilo.

Damu ipimwe kabla ya kuanza, kisha kila baada ya wiki mbili: vimeng'enya vya ini na hesabu ya chembe nyeupe. Vimeng'enya vikipanda kidogo naendelea huku nikiangalia. Vikizidi sana, au chembe nyeupe zikishuka, dawa inasimama. Nywele kupungua hutokea na kwa kawaida hurudi, ila mgonjwa asiyeambiwa mapema huacha dawa siku anapoona nywele kwenye kitana. Mwanamke apimwe ujauzito kabla ya kuanza, na atumie uzazi wa mpango mpaka angalau mwezi mmoja baada ya kumaliza.

Je, nani anafaa? Vifuko vidogo, chini ya sentimita 5, hasa vikiwa vingi pande zote mbili. Mgonjwa asiyeweza kuhimili nusu kaputi. Na aliyekwisha kupasuliwa. Asiyefaa ni mwenye kifuko kikubwa kizima anayesubiri upasuaji, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoandika dawa siku ileile eksirei inapotoka. Dawa hulegeza utando wa mdudu. Kwenye ini utando uliolegea hubaki umezingirwa na nyama nzito. Kwenye pafu, kukohoa kwa nguvu kunatosha kuupasua, maji humwagika kwenye mirija ya hewa, na upasuaji uliokuwa wa kupangwa unakuwa wa dharura, wenye usaha. Wapo madaktari wanaotoa siku chache kabla ya upasuaji ili kuua mbegu zinazoweza kumwagika, na hoja yao ina uzito. Mimi kwa kifuko kikubwa cha pafu huanza na kisu, dawa inafuata.

Kwa upande wa upasuaji, ukitaka kuipima huduma uliza maswali ya vitu, si ya sifa. Je, wana bomba la usingizi lenye njia mbili, ili pafu lisilo na kifuko lilindwe maji yakifurika upande wa pili? Je, adrenalini iko mezani tayari? Shinikizo la damu likiporomoka ghafla kifuko kinapofunguliwa, kinachofikiriwa kwanza ni mzio. Sehemu yote inayozunguka kifuko hufunikwa kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi ya asilimia 20, na mashine ya kufyonza iwe na bomba nene, kwa kuwa utando huziba bomba jembamba mara moja. Maji yale ya chumvi kali hayamiminwi ndani ya shimo ambalo mirija ya hewa imefunguka, na fomalini isisogezwe kabisa.

Utando ukishatoka mzima, kazi iliyobaki ndiyo inayoamua mgonjwa atakaa na bomba la kifua kwa muda gani. Shimo hujazwa maji ya chumvi ya kawaida, mtaalamu wa usingizi hujaza pafu hewa taratibu, na kila panapotoka mapovu pana mrija ulio wazi. Kila mmoja hushonwa kwa uzi unaoyeyuka, kipimo kinarudiwa mpaka mapovu yakome. Kisha kuta za shimo huvutwa pamoja kwa mishono ya ngazi kwa ngazi kutoka chini kwenda juu. Anayeharakisha hatua hii huacha hewa ikivuja na baadaye usaha. Kukata lobu nzima ya pafu (moja ya sehemu zake kuu) kubaki kwa hali ambapo zaidi ya nusu yake imeharibika, kwani pafu lililobanwa na kifuko hufunguka vizuri kuliko linavyoonekana mezani, hasa kwa watoto. Vifuko vikiwa pande zote mbili, kwa kawaida huanza upande wenye kifuko kikubwa ambacho bado ni kizima, kabla hakijapasuka chenyewe.

Kikipasuka nyumbani na mgonjwa akavimba uso, akakosa pumzi au akazimia, ni adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja kwa mtu mzima, kisha hospitali. Kwa mtoto ni miligramu 0.01 kwa kilo. Kilichopasuka na kuoza kinatibiwa kwanza kwa antibayotiki, halafu upasuaji, halafu albendazoli kwa miezi mitatu hadi sita. Wachache hukohoa kifuko chote wakapona, lakini shimo linaloachwa huweza kubaki wazi na kuingiwa na kuvu aina ya Aspergillus, ambaye naye huleta kikohozi cha damu. Kwa hiyo hata aliyejisikia mzima apigwe eksirei mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, kisha mara moja kwa mwaka hadi mwaka wa tano, na ultrasaundi ya ini kila mara.