Ekskaveta ndogo kwa uwanja wa gofu: tani 1.7 au tani 3.5?

Uwanja wa gofu hauna huruma na mashine nzito. Ukipita mara moja tu kwenye nyasi zilizolowa, alama inakaa wiki kadhaa, na wachezaji wataiona kabla yako.

Chukua Kubota U17, ya tani 1.7 hivi. Minyororo yake ya mpira hubanwa hadi upana wa sentimita 99, kisha hutanuliwa hadi 124 ikianza kazi, kwa hiyo inapenya kati ya miti bila kukwangua magome. Inachimba kina cha mita 2.3, na mabomba ya kumwagilia kwa kawaida hayafiki hata mita 1. Kurudishia kingo za mashimo ya mchanga, kuzibua mitaro, kufukua bomba lililopasuka: inatosha na kubaki.

Dada yake U35 ana uzito wa mara mbili, upana wa mita 1.7 na kina cha mita 3. Utampenda siku ya kung'oa kisiki cha mkaratusi au kutoa tope bwawani. Ila kwenye udongo mweusi wa Nairobi, mvua za Aprili zikishaanza, simsogezi karibu na grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo la mpira, hata juu ya mbao.

Ningenunua ndogo, kubwa nikodi siku za visiki. Na iwe ipi, kagua mipira ya haidroliki, ile inayopitisha mafuta, kila asubuhi: ikipasuka, mafuta ya moto yanaunguza nyasi, unabaki na baka la kahawia katikati ya uwanja.