Miezi mitano kwenye karakana ya uanachama, stelingi imeacha kutetemeka

Wakuu, kuna watu watatu wameshaniuliza kuhusu hii karakana ya kulipia ninayoendaga Jumamosi, ngoja niandike yote mara moja.

Kwa asiyeijua ni hivi, unalipia uanachama kwa mwezi (mi nalipa elfu sabini) afu unaingia na gari yako unapiga kazi mwenyewe kwa mashine zao. Kuna mashine ya kukereza chuma, presi ya tani 20, drili ya kusimama, mashine ya kuchomelea, kompresa na lifti moja ya gari. Sio gereji, hakuna wa kukufanyia, ila kuna mzee mmoja mstaafu wa kiwandani anasimamia, wote tunamwita Babu, ukikwama anakuja anasimama pembeni anakuuliza maswali mpaka unajua mwenyewe umekosea wapi.

Kilichonipeleka ni breki. Nina Toyota IST, nikishika breki nikiwa spidi 80 hivi barabara ya Mandela hapa Dar stelingi inatetemeka mpaka abiria anashika mlango. Fundi wangu wa Tabata akasema diski za breki zimepinda, yale masahani ya chuma yanayobanwa na pedi, nikanunua mpya Kariakoo, ikatulia miezi mitatu ikarudi. Akasema hizo zilikuwa feki, nikanunua za bei kubwa, ikarudi tena. Kwa hiyo najiunga pale kichwani nina wazo moja tu, kwenda kuchonga diski.

Siku ya kwanza hugusi kitu, unafundishwa usalama nusu siku nzima. Kwenye mashine ya kukereza hakuna kuvaa glavu maana ikinaswa inaondoka na mkono, shati unakunja mikono, na ule ufunguo wa kubania chuma ukimaliza kubana unautoa hapohapo, hauachwi hata sekunde. Wakati ule niliona wananichelewesha, leo nikimwona mgeni anasogelea mashine na shati limeachia mi ndo wa kwanza kupiga kelele.

Sasa Babu akakataa nisichonge. Pima kwanza, mwanangu. Tukafunga dayo geji, ile saa yenye mshale inayosoma mpaka sehemu moja ya mia ya milimita, nikazungusha diski taratibu ikasoma inacheza milimita 0.12 na kitabu cha gari kinataka isizidi 0.05. Nikamwambia si unaona Babu, imepinda hii. Akasema itoe upime habu, kile kitako cha gurudumu ambacho diski inakalia. Aisee! Uso wa habu ulikuwa na kutu imejenga vinundu, na mi napita bonde la Jangwani kila siku, mvua zikinyesha yale maji gari inayanywa. Diski ikikaa juu ya kinundu inakaa upande, kila mzunguko inagusa pedi sehemu ileile, inalika pale pole pole, ndo maana kila diski mpya ilikuwa inatulia miezi kadhaa kabla mtetemo haujarudi.

Brashi ya waya, msasa, dakika arobaini. Nikapima habu 0.03. Ndo tukachonga diski, kidogo sana, maana unene wa mwisho umeandikwa kwenye diski yenyewe na ukipita hapo ni ya kutupa. Nikafunga, ikasoma 0.04. Jioni nikaenda Mandela nikashika breki mara tano sita nikaachia kidogo mikono, stelingi imetulia kama maji ya mtungi. Nilikaa pembeni ya barabara nikafurahi peke yangu, haki ya Mungu. Na iliniuma pia, pea mbili za diski zimeishia kwenye kutu ya kutoa kwa brashi.

Fundi wangu nilimpeleka akaone. Sio mtu mbaya jamani, hajawahi tu kuwa na hiyo saa mkononi, ametumia macho na uzoefu miaka yote. Aliizungusha ile habu kama mara kumi.

Bushi za loa ama, yale mapira ya mkono wa chini unaoshika gurudumu, nazo nimetoa kwa presi badala ya nyundo na moto, nikakereza kikombe cha kusukumia kwa kipande cha chuma nilichookota Gerezani. Hapo nilijifunza kitu ambacho mafundi wengi mtaani wanaruka, bolti za bushi unazikaza mwisho gari ikiwa imekalia matairi yake, ukikaza ikiwa juu ya jeki mpira unabaki umejikunja na unachanika mapema.

Mabaya yapo. Lifti moja kwa watu wote, Jumamosi ukifika saa nne umeumia, nenda saa moja asubuhi. Umeme ukikatika jenereta lao linawasha taa na feni tu, mashine za fezi tatu zinakaa kimya, siku moja nimekaa masaa matatu na kazi imebanwa kwenye mashine. Visu vya kukerezea vya pale vimechoka, nimenunua vyangu. Na kama gari ndo ya kazini kesho asubuhi usiifungulie pale, nenda gereji, maana mara yako ya kwanza kila kitu kinachukua muda mara tatu.

Mwezi huu nimelipia tena. Fundi naye amejiunga, Jumamosi anakuja na Noah ya mteja inayotetemeka, tumeshakubaliana tutaanza na habu.