Seti za Randa Ndogo za Chuma: Pima Mdomo Kwanza

Malalamiko mengi ya wasomaji kuhusu seti za randa za chuma zinazojazwa mbao, yaani vipande unavyounda randa mwenyewe, yanafanana: randa imekamilika, inang'aa, lakini inang'oa nyuzi za mbao. Kisu hakina kosa. Mdomo, yaani uwazi wa kwenye soli (uso wa chini) kinapotokea kisu, ndio umekuwa mpana, na umepanuka wakati wa kuiunda.

Ukishafua viungo vya chuma kwa nyundo na kugandisha mbao, soli lazima isuguliwe kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo hadi inyooke. Kisu kikilala nyuzi 45, kila milimita 0.2 unayoondoa hupanua mdomo kwa milimita 0.2 angalau. Randa ya kiganjani ambayo kisu chake kimelala nyuzi 20, mdomo wake hupanuka zaidi ya 0.5 kwa kazi ileile! Na randa ya kulainisha inataka uwazi wa 0.1 hadi 0.2, wa kupitisha karatasi moja au mbili.

Kwa hiyo seti ninayoipendekeza kwanza ni ya bamba zenye viungo vya mkia wa njiwa (meno yaliyopanuka nchani yanayofumana), soli ikiwa vipande viwili vinavyokutana mdomoni. Unaufua mwili mdomo ukiwa bado mwembamba kuliko kisu, unajaza mbao, unasugua soli, ndipo unaupanua kwa tupa nyembamba, kidogo kidogo, ukijaribisha kisu. Mbao ziwe zimekauka sawasawa. Zikinywea zinaacha ufa, zikivimba zinasukuma mbavu nje. Mpingo una mafuta, upanguse kwa asetoni kabla ya gundi ya epoksi, kisha ongeza pini ya kupita ubavu hadi ubavu.

Ya pili ni mwili wa chuma cha kumimina kwenye kalibu ulioachiwa mdomo mwembamba. Hakuna kufua, ila tupa utaishika sana.

Ya tatu, mwili wa kumimina wenye mdomo tayari, ninunue kwa nini bila kipimo? Wauzaji wanapiga picha za mbao kila upande, mdomo hawauonyeshi. Kisu nacho wanakiuza kando ili bei ya seti ionekane nafuu.

Kisu chukua cha chapa ya Hock, cha chuma cha kaboni. Mimi sina mjadala hapo. Ila pima unene: kwenye randa ya nyuzi 45, mteremko wa makali ukitazama chini, milimita moja ya unene husogeza ncha mbele kama 1.4. Kwenye ile ya nyuzi 20, mteremko ukitazama juu, unene hauokoi kitu.

Seti za mwili wa bati lililokunjwa, ruka.

Kabla ya kulipa, dai upana wa mdomo na unene wa kisu kwa maandishi. Muuzaji akijibu "ni saizi ya kawaida", tafuta mwingine.