TAHADHARI: fundi wa saa za ukutani za ndege anayetoka kulia "kukuu", pale soko la Jumamosi Freiburg, Ujerumani, ni TAPELI

Wabongo wenzangu mlioko Freiburg na huku kusini, nimepigwa. Naandika kwa aibu maana mimi ndo huwa nawafokea msitoe hela bila risiti.

Ile saa ya ndege ya Oma (ndo bibi kwa Kijerumani) mnaijua, kila aliyelala kwangu kashakatishwa usingizi na yule ndege. Imezeeka, ilikuwa inachelewa kama dakika ishirini kwa siku, kila asubuhi navuta minyororo na kusogeza mshale. Nikasema niitengeneze. Pale sokoni kuna mzee ana meza ya saa kuukuu, akanisalimia "Jambo mama", eti kashaishi Mombasa. Jamani mtu ukiwa mbali na kwenu ukaambiwa jambo unayeyuka, hata wewe ungeyeyuka. Akafungua kimlango cha nyuma, akabonyeza mvukuto mmoja (vile vifuko vya hewa vinavyotoa sauti ya ndege) kwa kidole, ku, akabonyeza wa pili, kuu, akafuta vumbi kwa brashi, akanionyesha mafuta yalivyogandia kwenye magurudumu meusi kama lami. Na kweli saa anaijua, ndo kinachoniuma! Euro 180 kashi, tukapeana mikono.

Wiki mbili baadaye narudishiwa inang'aa. "Mama, sasa huvuti minyororo tena." Nikashukuru, nikampa na chapati! Nikaitundika, inakwenda dakika kwa dakika, nikampigia dada kumsifia mzungu wa watu. Ila giza likiingia ndege halii. Nikadhani kakwama. Usiku wa tatu nimeamka kumpa mtoto maji, nawasha taa ya sebuleni saa nane kamili, ndege huyo katoka, kukuu, kukuu, na nyuma yake maji ya mto yanatiririka na mwangwi wa milima. Mwangwi! Kwenye kiboksi cha mbao! Nikapanda kiti na tochi. Betri, kispika, na kijicho cha kuhisi mwanga. Mivukuto hamna, mashine ya shaba hamna. Yale matunda ya misonobari ya chuma, mizigo ya kwenye minyororo ambayo uzito wake ndo ulikuwa unaendesha saa, yananing'inia kama pambo tu, minyororo kaifunga kwa waya, siku tatu hayajashuka hata kidogo na mimi sijaona, mimi niliyeyavuta miaka sita.

Jumamosi nimerudi, meza haipo, simu haipatikani. Polisi wananiuliza risiti. Huyu mtu afungwe, tena afungiwe chumba chenye saa yake ya betri na taa isizimwe, alie naye kila saa. Mashine ya Oma najua kashaiuza.

Mkipeleka saa pigeni picha za ndani kwanza. Saa ya kuvuta kila siku, fundi akikwambia huvuti tena ujue kaweka betri. Akikataa kuandika karatasi ondoka. Na kuchelewa kwenyewe kumbe lile jani la mbao kwenye pendulamu, kile kijiti kinachobembea chini ya saa, unalipandisha juu kidogo tu, saa inaongeza mwendo, ikigoma ndo unampelekea fundi aisafishe, nimeambiwa juzi na mama mmoja muuza saa kule mji wa Triberg, bure kabisa, nusura nilie dukani kwake.

Mzee mwenyewe ana kofia ya kijani na gari jeupe, msimpe hata saa ya mkononi ashike. Na Baba Eliya ukisoma hii, ndiyo, ilikuwa 180, siyo 80.