Seti ya kumsafirishia buibui: boksi zuri, makopo makubwa mno

Nimeitumia seti hii kufungashia tarantula (buibui wakubwa wenye manyoya) mara kadhaa, na naipa nyota tatu kati ya tano. Ndani kuna boksi la kadibodi, vipande sita vya povu gumu jeupe (lile linalozungushiwa televisheni mpya) vya sentimita 2, makopo mawili ya plastiki na pakiti moja ya joto ya saa 40.

Boksi halina kasoro. Vipande vinabanana vizuri na joto halitoki ovyo.

Makopo ndiyo balaa. Yana upana wa sentimita 15, ilhali buibui wangu wengi hawafiki 10. Nafasi hiyo inaonekana kama huruma, kumbe ndiyo inayowaua: boksi likirushwa, buibui anagonga ukuta, tumbo lenye ngozi nyembamba linapasuka, na damu ikianza kutoka haizuiliki kirahisi. Tafuta kopo linalomzidi kidogo tu akiwa amekunja miguu. Toboa matundu kumi hivi ya milimita 2, ukianzia ndani kwenda nje ili makali yasimkwaruze.

Tandika karatasi ya jikoni chini na pembeni kama kiota. Ya chini kabisa ilowanishe kisha ikamue mpaka isitoe hata tone. Mapafu yake yako upande wa chini wa tumbo, na maji yakituama anazama humo humo. Mwingize kwa kumgusa miguu ya nyuma na brashi laini. Kama ni wa jamii za Amerika, vaa glavu na miwani, maana hupukutisha manyoya yanayowasha. Jaza karatasi kavu juu yake bila kumgandamiza, mpaka ukiliinamisha kopo polepole asiteleze. Zungushia mfuniko utepe.

Maelekezo ya seti yanasema pakiti ya joto ibandikwe juu ya kopo. Usithubutu! Pakiti hiyo ni unga wa chuma unaotoa joto kwa kushika kutu, hivyo ikigusa kopo inamchemsha, na ukiifungia kwenye plastiki inakosa hewa na kuzimika. Ifungue na uiache wazi nusu saa ipate joto, izungushie gazeti, ibandike ndani ya mfuniko wa boksi, kisha jaza magazeti yaliyofinyangwa kati yake na kopo. Boksi nalo litoboe matundu mawili. Saa 40 zinatosha safari ya usiku mmoja. Kwa siku mbili nunua ya saa 72. Kama njia nzima ina nyuzi 20 na zaidi, usiiweke kabisa.

Seti haisemi lolote kuhusu buibui mwenyewe. Acha kumlisha wiki moja kabla, na usimwekee nyenje koponi. Aliyegoma kula na tumbo limekuwa jeusi yuko karibu kujivua ngozi. Mwache hadi amalize na meno yake yarudi kuwa meusi. Tuma Jumatatu au Jumanne, asilale ghalani wikendi, na uulize kwanza kama msafirishaji anapokea buibui, kwani wengi hukataa. Tarantula wa jamii ya Brachypelma wakivuka mpaka wanahitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Kwa vitoto vya sentimita moja seti hii haifai. Kipande cha mrija wa soda kilichozibwa kwa karatasi chepechepe pande zote mbili kinatosha.