TLD: kidonge kimoja kwa siku, na vitu vinavyokiharibia kazi

Chupa ya dawa hii ya VVU ina majina matatu marefu: dolutegravir miligramu 50, lamivudine miligramu 300, na tenofovir disoproxil fumarate miligramu 300. Kwenye kliniki za VVU, yaani CTC za Tanzania na CCC za Kenya, watu husema TLD tu, yakaisha. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kama chaguo la kwanza kwa watu wote wanaoanza dawa, wajawazito wakiwemo, ikachukua nafasi ya TLE, ile yenye efavirenz. Kwa maoni yetu, katika kliniki za umma za Afrika Mashariki hakuna dawa ya kuanzia inayoizidi. Kasoro inazo, ila nyingi hazitoki ndani ya kidonge hiki. Zinatoka kwenye vidonge vingine vinavyomezwa karibu nacho.

Kidonge ni kikubwa, kinakaribia sentimita 2, na wanaopata shida kumeza watalalamika. Humezwa kizima kwa maji, umekula au hujala. Kimekusudiwa mtu mwenye uzito wa kilo 30 na kuendelea. Watoto wadogo wana vidonge vyao vya kuyeyusha kwenye maji, na kumkatia mtoto kipande cha TLD ya mkubwa si kipimo.

Kuhusu saa ya kumeza, TLD imewapa watu nafuu. Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni: efavirenz imeokoa maisha ya wengi. Lakini kizunguzungu na ndoto za kutisha viliwalazimu watu waimeze wakati wa kulala, na baadhi ya waliohamishiwa TLD wamebaki na saa ileile. Kwa wengine haina neno. Kwa wengine dolutegravir huondoa usingizi, na hapo dawa ni kuhamia asubuhi, wala si kununua vidonge vya usingizi. Mwambie mhudumu wako akupangie siku ya kuhama.

Sasa tuje kwenye kosa linalofanyika zaidi. Dolutegravir hufanya kazi kwa kushika madini ya magnesiamu yaliyo ndani ya kimeng'enya ambacho kirusi hukitumia kujipachika kwenye vinasaba vya seli. Bahati mbaya haichagui. Ikikutana tumboni na magnesiamu, alumini, chuma, kalisi au zinki hushikana nayo hukohuko, ikapita na choo bila kuingia kwenye damu vya kutosha. Mtu anameza kila siku bila kukosa, na virusi vinapanda.

Mhusika wa kwanza ni kile kidonge cha magnesiamu cha kutafuna kinachouzwa kila duka la dawa kwa ajili ya kiungulia, pamoja na dawa za maji za jamii hiyo zenye alumini. Kanuni yake: TLD imezwe saa 2 kabla ya dawa hiyo, au saa 6 baada yake. Chakula hakisaidii hapa. Mpango rahisi ni TLD saa 2 asubuhi, na ya kiungulia usiku baada ya chakula. Anayesumbuliwa na tumbo kila siku aulize kuhusu omeprazole, maana hiyo haigombani na dolutegravir.

Vidonge vya kuongeza damu, vya kalisi, na vile vya vitamini vyenye madini vina kanuni laini kidogo: vinaweza kumezwa pamoja na TLD iwapo vyote vinamezwa na chakula. Kwa tumbo tupu, rudi kwenye saa 2 kabla au 6 baada. Mjamzito anayepewa FEFO (kidonge cha chuma na asidi ya foliki) kliniki aizingatie hii kuliko mtu yeyote, kwa sababu anameza vyote viwili kila siku, mara nyingi alfajiri kabla ya chai ili asisahau.

Kifua kikuu kinahitaji hesabu tofauti. Rifampicin, mojawapo ya dawa za TB, huharakisha ini kuivunja dolutegravir, hivyo mgonjwa huongezewa kidonge cha dolutegravir miligramu 50 peke yake, saa 12 baada ya TLD. Nyongeza hiyo haikomi siku dawa za TB zinapoisha. Inaendelea wiki 2 zaidi, kwa kuwa ini halirudi kasi yake ya kawaida mara moja. Hizo wiki 2 ndizo husahaulika. Dawa za kifafa kama carbamazepine, phenytoin na phenobarbital nazo hupunguza dolutegravir, na anayezitumia aseme kabla ya kuandikiwa TLD.

Kwa mwenye kisukari mambo yamegeuka upande wa pili. Dolutegravir hupandisha metformin, dawa ya kisukari, kwenye damu, kwa asilimia 79 ikimezwa mara moja kwa siku. Ndiyo maana metformin huwekewa ukomo wa miligramu 1000 kwa siku. Aliyekuwa akimeza 2000 asijipunguzie mwenyewe. Apunguziwe, na sukari ipimwe kwa karibu.

Figo zinahitaji maelezo ya kina kidogo, kwani majibu ya maabara yanaweza kutisha bure. Ndani ya wiki za mwanzo kreatinini, taka ya mwili ambayo figo huitoa kwenye damu, hupanda kidogo kwa sababu dolutegravir inazuia njia mojawapo ya kuitoa, huku figo zenyewe zikiwa salama. Tenofovir, kwa upande wake, inaweza kuumiza figo kweli, hasa kwa mwenye kisukari, presha au umri mkubwa. Kupanda kidogo kisha kutulia ni jambo moja. Kupanda kila kipimo ni jingine. Uwezo wa figo kuchuja ukiwa chini ya mililita 50 kwa dakika, mchanganyiko huu haufai kama ulivyo. Na diklofenaki za kila siku za mgongo, zinazonunuliwa bila cheti, ni mzigo juu ya mzigo.

Uzito ni lalamiko la kweli. Utafiti wa ADVANCE uliofanyika Johannesburg ulionyesha watu wanaongezeka, wanawake zaidi. Sehemu yake ni afya kurudi, sehemu yake si hiyo. Pimeni uzito na presha kila ziara, na msimwambie mgonjwa kwamba anakula sana. Upele wenye homa, au macho kuwa ya manjano, si wa kusubiri tarehe ya kliniki.

Jambo moja halitangazwi vya kutosha: efavirenz hudhoofisha kijiti cha uzazi wa mpango, dolutegravir haifanyi hivyo. Kwa mwanamke mwenye kijiti, hiyo peke yake ni sababu nzuri ya kupenda TLD.

Ukisahau dozi, meza mara unapokumbuka, isipokuwa kama zimebaki chini ya saa 4 kufikia dozi inayofuata, hapo subiri. Usimeze viwili kufidia. Kuacha kabisa ni hatari zaidi kwa mwenye homa ya ini aina ya B, kwa kuwa tenofovir na lamivudine zinazuia na kirusi hicho pia. Zikikatwa ghafla, ini linaweza kuwaka vibaya.

Chupa za vidonge 90 zimepunguza safari za kliniki, ila zinapiga kelele kama kayamba ndani ya mkoba. Kwa kuogopa kujulikana, watu huhamishia dawa kwenye mfuko wa nailoni. Unyevu wa Tanga au Mombasa hauvihurumii vidonge hivyo. Ni heri kuweka pamba safi na kavu juu ya vidonge, ukaacha kile kifuko cha kunyonya unyevu humohumo, ukafunga mfuniko mpaka mwisho. Kwa safari toa vya siku chache tu. Joto lisizidi nyuzi 30, kwa hiyo dashibodi ya gari haifai.

Kama dawa inafanya kazi, utaambiwa na kipimo cha wingi wa virusi: kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mwezi wa 6 tangu kuanza dawa, wa 12, kisha kila mwaka. Virusi visipoonekana kwenye kipimo, hakuna kumwambukiza mwenza kwa ngono. Vikionekana, kabla ya kuilaumu dawa uliza kwanza kuhusu dozi zilizorukwa na kuhusu hizo dawa za kiungulia. Usugu dhidi ya dolutegravir upo, ila hauji kwa wepesi kama ule wa efavirenz.

Kwa mgonjwa dawa ni bure kliniki. Mwaka 2017 bei ya ununuzi ilitangazwa kuwa takriban dola 75 kwa mtu kwa mwaka, na kufikia 2023 ilikuwa chini ya dola 45. Watengenezaji ni wengi, wengi wao wa India, na Universal Corporation ya Kenya imo pia tangu ilipopata kibali cha Shirika la Afya Duniani mwaka 2023. Hivyo chupa ya safari hii inaweza isifanane na ya safari iliyopita. Kabla ya kutoka dirishani soma majina yote matatu na miligramu zake. Chupa iliyoandikwa dolutegravir 50 peke yake si TLD, ni ile ya nyongeza ya TB. Ukimeza hiyo tu, umebaki na dawa moja badala ya tatu.